Washington au Alexandria: maji ya mvua yatakugharimu zaidi wapi?

Kikundi kikishakusanya fedha za kununua kiwanja cha ukumbi, nyumba ya ibada au kituo cha watoto katika eneo la Washington, mjadala huwa ni ule ule: bei, maegesho ya magari, umbali kutoka kituo cha treni. Maji ya mvua hayatajwi. Halafu mhandisi anafika na ramani yenye tangi chini ya maegesho, bustani ya mvua (bonde dogo lenye mimea la kukusanya maji ya mvua) mbele ya mlango na bajeti iliyovimba, na watu wanabaki kutazamana. Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo, amana ikiwa imeshalipwa. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia anatafuta kiwanja, jambo la kwanza ninalomuuliza ni kama kiko ng'ambo hii ya mto Potomac au ile.

Washington na Alexandria zinatazamana kuvuka mto huo. Zamani zilikuwa chini ya utawala mmoja: Alexandria ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Columbia mpaka mwaka 1846, Bunge la Marekani liliporidhia irudishwe Virginia. Mvua inayonyesha upande huu ndiyo inayonyesha upande ule, na yote inaishia Potomac, kisha Ghuba ya Chesapeake. Ila kanuni za nini ufanye na maji hayo kabla hayajatoka kiwanjani kwako zimeachana sana, na tofauti hiyo inaweza kukugharimu au kukuokolea maelfu ya dola.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu jengo la kikundi au la biashara. Nyumba ya familia moja ina taratibu zake pande zote mbili.

Mmoja unahesabu maji, mwingine unahesabu uchafu

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Washington inahesabu maji. Kanuni yake ya sasa ilitoka Julai 2013 na inasimamiwa na idara ya nishati na mazingira ya jiji, DOEE. Mradi ukitifua au kufunua udongo wa futi za mraba 5,000 au zaidi (kama mita za mraba 465), mvua ya inchi 1.2, yaani milimita 30, lazima ibaki kiwanjani. Neno "ibaki" lina uzito wake. Maji yazame ardhini, yanyonywe na mimea, au yatumiwe, kwa mfano kumwagilia bustani au kusukuma vyoo. Ukiyachuja vizuri kisha ukayaachia kwenye bomba la mtaa, bado hujayabakiza. Inchi 1.2 haikuokotwa njiani: kati ya siku kumi za mvua, tisa hazizidi kiwango hicho. Jiji linataka mvua za kawaida zisifike mtaroni kabisa.

Sababu yake iko chini ya barabara. Karibu theluthi moja ya Washington ina mabomba ya zamani yanayobeba maji taka na maji ya mvua kwa pamoja. Mvua ikizidi, bomba linajaa, na mchanganyiko huo unamwagika mtoni. Jiji limechimba mahandaki makubwa chini ya ardhi ili kuyapokea maji hayo, na yale ya upande wa mto Anacostia yalikamilika mwaka 2023. Ukiwa na tatizo la namna hiyo, kila galoni isiyoingia bombani ni nafuu.

Alexandria inafuata sheria za jimbo la Virginia, na Virginia inahesabu fosforasi. Fosforasi hutoka kwenye mbolea, majani yanayooza, vumbi na kinyesi cha wanyama, nayo husafiri ikiwa imeshikamana na chembe za udongo. Ikifika Ghuba ya Chesapeake inalisha mwani. Mwani unatanda na kuzuia mwanga, kisha unakufa, unaoza na kumaliza oksijeni ambayo samaki, kaa na chaza wanaihitaji. Virginia ilitunga sheria ya kulinda ghuba hiyo mwaka 1988, na Alexandria imeuweka mji wake wote ndani ya eneo la ulinzi. Ndiyo maana kanuni inaanza mapema zaidi: udongo wa futi za mraba 2,500 ukishaguswa, umeingia. Hiyo ni nusu ya kiwango cha Washington.

Kwa kiwanja ambacho hakijawahi kujengwa, kiwango cha jimbo kilikuwa ratili 0.41 za fosforasi kwa ekari kwa mwaka. Katika kanuni zilizoanza Julai 2024 kikashushwa hadi 0.26. Ili uione namba hiyo ilivyo ndogo: ekari moja ya lami au paa hutoa karibu ratili 2 kwa mwaka. Ukifunika ardhi tupu kwa zege na kuezeka paa, unatakiwa uondoe sehemu kubwa sana ya fosforasi hiyo. Bustani moja ya mvua haitatosha.

Kwa kiwanja kilichokwishajengwa, mambo yanageuka kabisa. Hapo Virginia haikuulizi kiwango cha ardhi safi. Inakutaka upunguze fosforasi kwa asilimia 10 chini ya ilivyokuwa kabla hujaanza, kama eneo unaloligusa halifiki ekari moja, au asilimia 20 likifika ekari moja na kuendelea. Isipokuwa ukiongeza eneo gumu (paa, lami au zege, yaani lisilopitisha maji) kuliko lililokuwapo, nyongeza hiyo inahesabiwa kama ardhi mpya. Washington haina huruma ya aina hiyo. Lami kuukuu au nyasi za miaka mia, ukifunua futi 5,000 unadaiwa inchi 1.2 ile ile.

| Jambo | Washington | Alexandria |
|---|---|---|
| Kanuni inaanzia | futi za mraba 5,000 | futi za mraba 2,500 |
| Kinachopimwa | galoni zinazobaki kiwanjani | ratili za fosforasi zinazotoka |
| Ardhi mpya | inchi 1.2 ya mvua | ratili 0.26 kwa ekari kwa mwaka |
| Ardhi iliyokwishajengwa | inchi 1.2 ya mvua | punguza 10% au 20% |
| Ukarabati mkubwa wa jengo | inchi 0.8 ya mvua | udongo usipoguswa, hakuna |
| Ukishindwa kutimiza kiwanjani | deni la kila mwaka | krediti hununuliwa mara moja |

Alexandria ina sharti lake jingine juu ya lile la jimbo, na wengi hulisahau: nusu inchi ya kwanza ya maji yanayotiririka kutoka eneo gumu lote la kiwanja lazima isafishwe. Isafishwe, si lazima ibaki. Chujio la mchanga au bustani yenye bomba la kutolea maji chini yake linakubalika. Usipoweza, kuna mfuko wa mji wa kuboresha ubora wa maji ambao wewe unaweza kuuchangia badala yake, lakini ni mji ndio unaoamua kama hali yako inastahili.

Tufanye hesabu kwa kiwanja kimoja

Chukua maegesho ya zamani ya futi za mraba 9,000, yote lami. Mnataka kung'oa yote, kujenga ukumbi na maegesho madogo yenye jumla ya futi 7,500 za eneo gumu, na futi 1,500 zinazobaki mpande nyasi.

Washington inahesabu hivi: eneo gumu huzidishwa kwa 0.95, nyasi kwa 0.25, kwa sababu hata nyasi juu ya udongo ulioshindiliwa huachia maji. Unapata 7,125 na 375, jumla 7,500. Zidisha kwa inchi 1.2 (ambayo ni sehemu moja ya kumi ya futi): futi za ujazo 750, sawa na galoni 5,610. Ni zaidi ya lita 21,000 mnazotakiwa kuzibakiza kila mvua ya kiasi hicho inaponyesha. Kwa kiwanja kidogo hivyo, mnazungumzia paa lenye mimea, tangi, bustani za mvua, au vyote pamoja.

Kwa kawaida angalau nusu ya galoni hizo lazima ibaki kiwanjani. Nusu nyingine mnaweza kuilipia. Tangu marekebisho ya 2020, viwanja ambavyo maji yake yanaelekea kwenye yale mahandaki vimelegezewa sharti la nusu, kwa hiyo ni vizuri kujua mapema bomba la mtaa wenu linaishia wapi.

Sasa hesabu kiwanja hicho hicho Alexandria. Kabla hamjaanza, lami yote ilikuwa futi 9,000. Ukizidisha kwa 0.95 unapata 8,550. Baada ya kujenga ni 7,500. Maji yamepungua kwa asilimia 12 kwa kung'oa lami na kupanda nyasi tu, na fosforasi hupungua kwa kadiri inayokaribiana na hiyo. Lengo lilikuwa asilimia 10. Kwa upande wa jimbo huenda mmeshavuka, au mmebakiza kidogo sana. Linalobaki ni lile sharti la mji: nusu inchi kwenye futi 7,500 ni futi za ujazo 312, kama galoni 2,340 za kusafisha. Bustani moja au mbili za mvua zilizopangwa vizuri zinaweza kuibeba kazi hiyo.

Kiwanja hiki, kwa maoni yangu, ni cha Alexandria bila kusita. Na viwanja vya namna hii ndivyo vinavyopatikana zaidi katika miji hii ya zamani, maana ardhi tupu ni adimu.

Badilisha kidogo mfano uone. Mkipata kipande cha nyasi ambacho hakijawahi kujengwa, na ujenzi wote ukagusa futi 4,500 tu, Washington haiwadai inchi 1.2 kabisa. Alexandria inawadai kiwango kizima cha ardhi mpya. Hapo ningevuka mto kurudi Washington mbio. Ila msijidanganye kwa kugawa kazi vipande vipande, futi 4,000 mwaka huu na 4,000 mwaka ujao. Ukaguzi unatazama mpango mzima, na wakaguzi wameshaiona mbinu hiyo mara nyingi.

Ukarabati: mtego wa Washington

Vikundi vingi havijengi upya. Vinanunua jengo la zamani na kulitengeneza. Ukiwa Alexandria na kazi yote iko ndani ya kuta, udongo haujaguswa, basi kanuni za maji ya mvua hazikuhusu.

Washington ni tofauti, na hapa ndipo nimeona watu wakishtuka zaidi. Gharama ya ukarabati ikifika nusu ya thamani ya jengo kabla ya kazi, na eneo la jengo pamoja na udongo wowote unaoguswa likafika futi za mraba 5,000, mradi unahesabiwa kuwa mkubwa, hata kama hamkugusa jembe. Kiwango kinashuka hadi inchi 0.8, kweli, lakini jaribu kubakiza mvua ya inchi 0.8 kwenye jengo linalojaza kiwanja chote na paa lisiloweza kubeba uzito wa udongo. Mkinunua jengo lenye thamani ndogo na lililochakaa sana, ambalo ndilo hasa vikundi vyetu vinaweza kulimudu, nusu hiyo inafikiwa haraka. Mwombeni mkadiriaji wenu gharama kamili ya ukarabati kabla ya kusaini, mlinganishe na thamani ya jengo, na mjue mko upande gani wa mstari.

Deni la kila mwaka na deni la mara moja

Washington ilianzisha soko la galoni. Mtu anayebakiza maji zaidi ya anavyodaiwa, au anayejenga bustani ya mvua kwa hiari, hupewa krediti. Krediti moja ni galoni moja inayobakizwa kwa mwaka mmoja. Anayepungukiwa huinunua. Ni mpango mzuri, na mimi naupenda kwa moyo, kwa sababu umeleta bustani na miti kwenye maeneo ambayo hakuna mtu angewekeza. Makanisa yenye viwanja vikubwa yameweza kutenga sehemu ya ardhi yao na kunufaika. Kama kikundi chenu kina nyasi nyingi na jengo dogo, mko upande wa wauzaji.

Lakini kwa mnunuzi, krediti huisha mwaka ukiisha. Asiyetaka kuingia sokoni hulipa ada moja kwa moja jijini. Kanuni ilipoanza ada hiyo ilikuwa dola 3.50 kwa galoni kwa mwaka, na imekuwa ikipandishwa kufuata mfumuko wa bei. Kwenye mfano wetu, nusu ya galoni 5,610 ni 2,805. Kwa ada ile ya mwanzo ni zaidi ya dola 9,800 kila mwaka, mwaka hadi mwaka, muda wote jengo likisimama. Krediti za sokoni kwa kawaida ni nafuu kuliko ada hiyo, lakini bado ni malipo yasiyo na mwisho. Mweka hazina asiyeliona hilo mwanzoni ataliona baadaye.

Virginia inaruhusu miradi midogo, ile ya chini ya ekari 5 au inayodaiwa chini ya ratili 10 za fosforasi kwa mwaka, kununua krediti za fosforasi kutoka nje ya kiwanja. Mara nyingi zinatokana na mashamba yaliyoachwa kulimwa na kurudishwa msitu. Hizi ni za kudumu. Unanunua mara moja, unapeleka hati, deni limefutwa. Kwa kikundi kinachoweza kuchangisha fedha nyingi kwa mkupuo lakini kina mapato madogo ya kila mwezi, tofauti hii ina uzito kuliko karibu kila kitu nilichokwisha kutaja. Nina dukuduku moja nayo: shamba lililopandwa miti mbali huko halipunguzi maji yanayomwingilia jirani yako wa mtaa wa chini. Ghuba inapona, mtaa unabaki ulivyo.

Na mitaa ya Alexandria imeumia. Mafuriko ya Julai 2019, Julai na Septemba 2020, na Agosti 2021 yaliingia kwenye nyumba nyingi. Kwa hiyo msifikirie kwamba kwa kuwa kinachohesabiwa ni fosforasi, wingi wa maji hauangaliwi. Unaangaliwa: mvua kubwa inayotarajiwa mara moja kwa mwaka na ile ya mara moja kwa miaka 10 lazima zitoke kiwanjani kwa kasi iliyodhibitiwa. Washington inapima ile ya miaka 2 na ya miaka 15. Kwa kiwanja kidogo, hesabu hizi mara nyingi humalizwa na lile tangi au zile bustani mlizokwisha kuweka, kwa hiyo sitaziongelea zaidi.

Ada zinazokuja hata kama hamjengi chochote

Miji yote miwili inatoza kila mwenye eneo gumu. Ni ada, si kodi, kwa hiyo msamaha wa kodi wa nyumba ya ibada hauwaondolei.

Washington ina ada mbili kwenye ankara ya maji ya kila mwezi, zote zikihesabiwa kwa kila futi za mraba 1,000 za eneo gumu. Ya DOEE ni ndogo, na kwa miaka mingi imekuwa dola 2.67. Ya pili ni ya shirika la maji, DC Water, inayolipia yale mahandaki, na imeshazidi dola 20. Kwa futi 7,500 za mfano wetu, hiyo ya pili peke yake ni zaidi ya dola 1,800 kwa mwaka. Makanisa na mashirika yasiyo ya faida yalilalamika sana, na mwaka 2019 ukaanzishwa mpango wa nafuu kwa ajili yao. Ombeni, maana haiji yenyewe. Ukijenga miundo ya kubakiza maji unaweza pia kupunguziwa hadi asilimia 55 ya ile ada ndogo ya DOEE.

Alexandria inatoza mara mbili kwa mwaka pamoja na bili ya kodi ya majengo, kwa kipimo cha futi za mraba 2,062. Ada ilianza 2018, na Julai 2021, baada ya mafuriko yale, iliongezwa maradufu kutoka dola 140 hadi 280 kwa kipimo kwa mwaka, na imepanda tena tangu hapo. Kwa kiwango cha 280, kiwanja chetu kingelipa zaidi kidogo ya dola 1,000. Punguzo linafika asilimia 50. Kwa hiyo hata kwenye ada Alexandria iko chini, ingawa pengo si kubwa kama lile la galoni.

Kabla ya amana

Mkinunua ardhi iliyokwishajengwa na mnataka kuijenga upya, anzeni kutafuta Alexandria, ila mkae mbali na vijito: futi 100 kutoka kwenye maji zimelindwa, na kibali cha kujenga humo ni shida. Mkitaka jengo dogo kwenye nyasi, chini ya futi 5,000 kwa kila hesabu, anzeni Washington. Mkiwa na ardhi kubwa na jengo dogo, Washington tena, kwa sababu ya soko la krediti. Mkikarabati jengo kuukuu lenye sakafu pana, Alexandria.

Na popote mtakapokwenda, mwanasheria wenu asome kwanza hati zilizosajiliwa juu ya kiwanja. Pande zote mbili, wajibu wa kutunza tangi, chujio au bustani ya mvua huandikwa kwenye kumbukumbu za ardhi na hufuata ardhi. Upande wa Washington, hata lile deni la galoni za kila mwaka linamhamia mmiliki mpya. Mwulizeni muuzaji kwa maandishi: kiwanja hiki kinadaiwa galoni ngapi, zinalipwa namna gani, na mara ya mwisho mkaguzi alikuja lini?